Bei Dira ni kwa Kilo

Tuchukulie sentensi hii iko kwenye ukurasa wa chama cha ushirika mahali kama Nyalikungu, pale mjini Maswa, mkoani Simiyu: "Ndugu mkulima, bei dira ya pamba msimu huu ni kwa kilo." Ukiipitia haraka huoni ubaya wake. Heshima ipo, nukta ipo, sarufi nayo inajikongoja hadi mwisho. Kilichopungua ni kitu kimoja kidogo, yaani bei. Na kwa kuwa Simiyu ndio mkoa unaotajwa kwanza ukizungumzia pamba nchini, hatakosekana mnunuzi mwenye mizani na moyo wa kujitolea, atakayeliziba pengo hilo kwa namba anayoipenda yeye. Hakuna aliyesema uongo. Ukurasa umefunguka, rangi zimekaa mahali pake, na picha ya pamba iliyochanua inang'aa juu kama mbinguni.

Pengo la namna hii lina fundi wake. Kuna aina ya waraka iitwayo MDX, ambao unachanganya maandishi ya kawaida, yenye alama nyepesi za vichwa na orodha, na vipande vya programu vinavyoitwa komponenti. Mwandishi anaandika sentensi yake, na panapohitajika bei anaweka <BeiYaPamba />, akiamini kwamba mwenye jina hilo atafika na namba mkononi. Kompaila inausoma waraka na kuugeuza kuwa msimbo wa JavaScript. (Vijana husema "kodi", lakini neno hilo silitumii: likitamkwa mnadani watu wanaanza kufunga biashara.) Swali ni hili: jina limeitwa, mwenyewe hayupo, tufanye nini? MDX ya kwanza ilijibu kwa adabu za mkwe. Ilichora kisanduku kitupu mahali pa komponenti, kisha ikanong'ona onyo kwenye konsoli, kona ambayo mkulima haijui na fundi mwenyewe huikumbuka mambo yakishaharibika. Toleo la pili, lililotoka Februari 2022, likaacha adabu hizo. Jina likikosa mwenyewe, kazi inasimama, na ujumbe unasema wazi kwamba komponenti fulani ilitarajiwa, na huenda umesahau kuiagiza au kuikabidhi. Ukiwa katika hali ya uundaji unaweza kutajiwa hata mstari ilikoitwa. Mimi niko upande wa kelele.

Atakayeuliza kwa nini kompaila isigundue upungufu mapema, kabla ya aibu, hajawahi kukaa kwenye kamati ya harusi. Jumatano ratiba inachapwa steshenari: saa moja jioni, nasaha za mgeni rasmi. Siku hiyo mgeni rasmi yuko Bariadi na hajasema atakuja au hatakuja. Kamati haiwezi kumfuta, maana anaweza kutokea na gari lake dakika ya mwisho, na haiwezi kuapa kwamba atakuwepo. Kompaila nayo iko hivyo hivyo, kwa sababu komponenti inaweza kuletwa na mtu mwingine kabisa wakati ukurasa unapoonyeshwa, bila waraka wenyewe kujua. Basi inaandika ndani ya msimbo sharti dogo: kabla ya kumkaribisha, hakikisha yupo, kama hayupo, piga yowe na umtaje jina. Ndiyo maana yowe linasikika ukumbini badala ya steshenari.

Hapo mtu wa busara atanikumbusha kwamba sisi tuna dawa ya zamani ya tatizo hili, nayo ni mwakilishi. Kweli, na ni uvumbuzi mkubwa kuliko tunavyoupa sifa. Lakini mwakilishi huanza kwa kujitaja: mheshimiwa alitamani sana kuwa nasi, majukumu yamembana, kanituma mimi. Ukumbi mzima unajua nani hayupo. Hatujafikia kuweka kiti kitupu mbele ya maikrofoni na kukipigia makofi, jambo ambalo MDX ya kwanza ililikaribia. Hata leo mwandishi anaruhusiwa kuteua mwakilishi, komponenti ya akiba inayosema "bei haijapatikana, uliza ofisini". Asichoruhusiwa ni kuiachia kompaila imteulie, kwa sababu kompaila haijui kama aliyekosekana ni bei ya pamba au ua la kupamba pembeni.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye historia. Wavuti umekua kwa uvumilivu: kivinjari kikikutana na lebo kisiyoijua huitikia salamu na kupita, na ukurasa unaendelea. Waliotaka ukali walijaribu. XHTML 2, lugha ya kuandikia kurasa, ilikuja na sheria za kijeshi, na mwaka 2009 W3C, chombo cha viwango vya wavuti, ikatangaza kuacha kuiendeleza. Nakubali yote hayo, ila uvumilivu ule ulikuwa kwa ajili ya msomaji, ambaye hawezi kurekebisha lolote. Mwandishi anaweza. Kurasa nyingi za MDX hutengenezwa zikakamilika kabla ya kupelekwa hewani, kwa hiyo yowe hupigwa karakanani, mkulima akiwa bado shambani na mnunuzi akiwa bado anafuta vumbi kwenye mizani. Ni kweli kwamba ua la pembeni likikosekana ukurasa mzima utagoma, na hilo linaudhi, hasa ukiwa umenunua bando la saa moja. Lakini kuudhika kwa fundi mmoja ni gharama ndogo kuliko kijiji kizima kuuza pamba kwa "kwa kilo".

Na bado yowe lenyewe lina tundu. Kompaila humtambua mgeni kwa suti: jina likianza na herufi kubwa ni komponenti, likianza na ndogo huhesabiwa kuwa lebo ya kawaida ya HTML, haliulizwi kitu. Mwandishi mwenye haraka akiandika <beiyapamba />, hakuna sharti wala kelele. Kivinjari kitaipokea lebo kisiyoijua na kukaa kimya kama kilivyozoea. Mgeni rasmi amekuja kwa kandambili, kamati imempa kreti la soda abebe hadi jikoni, na mshereheshaji bado anaangalia saa.