Usukani wa Mbio, Mwendo wa Pole

Mwenye Volkswagen Beetle ya 1968 kajipatia usukani wa mbio: ngozi nyeusi, uzi mwekundu, kipenyo cha sentimita 35. Ule wa kiwandani, mwembamba na wa karibu sentimita 40, eti ulikuwa unamzeesha.

Gari lenyewe halimzeeshi, maskini.

Sasa, Beetle ya zamani haikuwahi kutoka kiwandani na pawa stelingi. Upana wa usukani ndio uliomsaidia dereva kuzungusha magurudumu. Ukipunguzwa, mabega ndiyo yanayolipa. Akiegesha Kariakoo, bwana mkubwa hutoka jasho chapachapa huku mkokoteni ukimsubiri nyuma. Akibonyeza honi, kimya: fundi hakuunganisha waya.

Kwenye picha, lakini, utadhani yuko kwenye mbio za Monza.