Heshima kwa Usaili wa Raundi Tano

Vijana wa Babati waliosomea kompyuta wanausema vibaya usaili wa kampuni kubwa za teknolojia. Wakikutana jioni kwenye chipsi karibu na stendi, mmoja hutoa simu akasoma barua pepe ya kukataliwa na wenzake wakaangua kicheko, maana wanayo ileile. Huo ni utovu wa adabu kwa jambo lililowatendea mema mengi.

Kwanza, usaili huu haujali mtu anakaa wapi. Saa nne asubuhi ya California, msimu wao wa kiangazi, ni saa mbili usiku Babati. Msaili ndiyo kwanza anamimina kahawa. Msailiwa ameshakula ugali, amewatoa wadogo zake sebuleni, amejiunga bando na kuomba umeme usikatike. Siku hizi neema imesogea zaidi. Microsoft ilifungua kituo chake cha watengeneza programu Nairobi mwaka 2019, Google ikatangaza cha kwake mwaka 2022, hivyo mtu anaweza kukataliwa kwa saa za Afrika Mashariki bila kukesha. Wakubwa wanaokumbuka Juni 2014, watu zaidi ya 10,000 walipojaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji, watakiri kwamba kukosa kazi ukiwa umekaa nyumbani kivulini ni maendeleo.

Kisha kuna ule mti. Ni namna ya kupanga data ambapo kila kifundo huzaa matawi yasiyozidi mawili, na msailiwa hutakiwa kuugeuza: kulia kuhamie kushoto, kushoto kulia. Max Howell, aliyetengeneza Homebrew, programu inayotumiwa na wahandisi wengi wenye kompyuta za Mac, alilalamika hadharani mwaka 2015 kwamba Google ilimkataa kwa kushindwa kuugeuza ubaoni, ilhali wahandisi wake wengi walikuwa wakiitumia kazi yake. Alitarajia nini? Kuwatengenezea watu zana ni jambo moja, kugeuza mti mbele ya mtu anayeangalia saa ni jingine.

Lakini hisani kubwa kuliko zote alifanyiwa Brian Acton. Mwaka 2009 aliomba kazi Twitter akakataliwa, akaomba Facebook akakataliwa. Akaungana na Jan Koum kuijenga WhatsApp, na mwaka 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Wenye haraka huita kukataliwa huko kosa. Wafikirie: angepita, angepewa kiti na kitambulisho cha shingoni, na magrupu yote ya michango ya harusi ya Babati yangekosa pa kukaa.

Kuna wasioelewa hadhi ya usaili huu. Watakutajia fundi simu wa pale mjini. Anatandika kitambaa, analegeza skrubu kwa bisibisi nyembamba, anapitisha mswaki wenye spiriti kwenye tundu la chaji, anapuliza, anachomeka waya. Alama ya betri ikitokea, analipwa na mteja anaondoka. Sasa huo nao ni utaratibu? Hakuna raundi ya pili, hakuna anayemwomba asimulie siku alipotofautiana na mwenzake kazini. Mteja mwenyewe hana hata uwezo wa kusema "tutakujulisha".

Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu Google, aliwahi kuuvunjia usaili heshima kutoka ndani. Mwaka 2013 aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo ya aina ya mipira mingapi ya gofu itajaa kwenye ndege hayatabiri chochote, na kazi yake hasa ni kumfanya msaili ajione ana akili. Alisema kama anayeshtaki. Wasaili nao ni binadamu, na kuna siku mtu huhitaji kujiona ana akili kabla ya chakula cha mchana.

Januari 2023 Google ilitangaza kupunguza nafasi 12,000. Waliokuwa kwenye nafasi hizo walishayapita mafumbo na ile miti. Wengine walijua wameachishwa kazi baada ya kushindwa kuingia kwenye akaunti zao za ofisi. Marafiki wakawapigia simu za pole kisha wakawatenga, lakini usaili haukuwatenga: uliwapangia siku, ukawaomba wajieleze kwa ufupi, ukawapa mti.