Mhadhara wa Ajabu na Lishe Yake, Uliotolewa Kibandani Masasi

Ndugu wananchi wa Masasi, wageni wetu mlioteremka na basi la asubuhi kutoka Newala, mwenye kibanda hiki cha gemu, na ninyi vijana mnaochungulia dirishani bila kulipa: itifaki imezingatiwa. Nimeombwa niseme machache. Kusema kweli hakuna aliyeniomba, ila mtaalamu aliyeiva hangoji kuombwa.

Niiteni Daktari. Udaktari huu nimejitunuku mwenyewe, baada ya kukalia kiti hiki cha plastiki miaka sita nikicheza Age of Empires II, gemu la mwaka 1999, ambalo kompyuta ya humu inalimudu bila kuzimia. Mada yangu ni mizani kati ya ajabu na mahitaji yake. Kwa msiojua, ajabu ni jengo kubwa kuliko yote kwenye gemu. Ukilisimamisha na kulilinda mpaka saa yake iishe, umeshinda, hata kama adui ana jeshi la kujaza bonde lote la Ruvuma. Bei yake ni mbao 1000, mawe 1000 na dhahabu 1000. Mwanafunzi wa kawaida anasoma bei hiyo, anatikisa kichwa, anaandika daftarini. Mimi nilipoisoma nilicheka, na sababu ya kucheka ndiyo mhadhara wenyewe.

Tuanze na jiografia. Hapa Masasi, tokeni nje mtazame: Mkomaindo ule pale, Mtandi ule kule, milima ya mwamba mtupu. Mawe 1000 kwetu ni kazi ya kabla ya chai. Sasa pandeni Newala. Upepo mzuri, ming'oko mitamu, na ukisimama Shimo la Mungu macho yanavuka mpaka Msumbiji. Lakini jiwe la kumrushia kuku unalitafuta. Maji ndiyo usiseme: mvua inanyesha juu ya uwanda, mchanga unaimeza, inakwenda kuchomoza chemchemi chini kabisa ya mteremko. Bibi zetu waliifuata huko na mitungi, wakapanda nayo kichwani.

Mtauliza, nani aliwatuma watu wa Newala wakae juu? Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alifika Newala akaandika masimulizi aliyosimuliwa kuhusu asili ya watu wa huko. Alikuwapo mtu wa porini, asiyeoga wala kunyoa, akachonga sanamu ya mti, na usiku sanamu ikageuka mwanamke. Watoto wao waliozaliwa karibu na maji walikufa. Aliyezaliwa juu uwandani akaishi, na ndipo ukatoka wosia wa kukaa mbali na mito mikubwa. Wengine mtasikia hapo hadithi ya kale. Mimi nasikia kanuni ya gemu: jamii imepewa uhai wa watoto, imelipa kwa umbali wa kisima. Wazee wale walijua mizani kabla ya kompyuta.

Kuna gemu jingine, Civilization VI. Humo kila ajabu lina masharti ya kiwanja. Bustani za Kuning'inia za Babeli lazima zikae kando ya mto. Kilwa Kisiwani, jirani zetu hao, nao wamo tangu 2018, na sharti lao ni ardhi tambarare iliyogusana na bahari. Newala haimo. Nimekwisha kulalamika kuhusu hilo, hapahapa, mara nyingi, kwa sauti.

Maana Newala ajabu lake lipo. Mashine ziko bondeni, Mitema, upande wa Kitangari, zinayasukuma maji mamia ya mita kupanda uwandani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, na miaka ya 1970 watu wa Ufini wakaja kuongeza nguvu. Maji kupanda mlima! Babeli wakae kimya. Ila pampu, tofauti na jengo la kwenye gemu, inakula. Imekula jana, inakula leo, na siku umeme ukikatika inakula saburi ya mama mwenye ndoo.

Hapo ndipo nilipocheka. Gemu linatoza siku ya kujenga tu. Ukishalipa, ajabu halikudai tena. Aliyetunga sheria hiyo hajawahi kuishi mkoa wa Mtwara.

Waingereza ndio waliotuletea mkosi huo wa kuhesabu tofali na kusahau chakula. Mwaka 1947 walianza mpango wa karanga, na jirani zetu wa Nachingwea wakawa uwanja mmojawapo. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Reli ikatandikwa kutoka pwani, bandari ya Mtwara ikajengwa. Karanga hazikutokea za kujaza mabehewa. Mwaka 1951 wakaacha, pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni, na miaka ya 1960 ilipoanza reli ikang'olewa.

Sisi wenyewe tukafuata. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 za korosho. Viwanda vya kubangulia vikajengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Masasi kikaja, Newala vikaja. Wakati huohuo Operesheni Vijiji ikawahamisha watu mbali na mikorosho yao, magugu yakapanda mpaka matawini, kisha ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga. Kufikia 1986/87 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Viwanda viko tayari vimefungua mdomo, wa kuvilisha hayupo. Ajabu lililolipiwa bei yote, mbao, mawe na dhahabu, halafu mlinzi anakaa getini akilinda mashine zisizo na kazi.

Kwa hiyo napendekeza kwa watengenezaji: liongezwe ajabu liitwalo Kiwanda. Bei ileile, pamoja na gunia la korosho kila dakika. Magunia yakikatika, jengo lisianguke. Libaki limesimama, kubwa, zuri, na popo ndani.

Maswali? Naam, mama yangu wa Newala, mwenye kikapu.

Anauliza kama nimewahi kushinda.

Mama, nakushukuru kwa swali la kitaalamu. Jana nilicheza na huyu kijana wa kidato cha pili. Nilipeleka wanakijiji wangu wote machimboni, nikakusanya mawe 1000 mapema kuliko binadamu yeyote. Shambani hakubaki mtu. Nilipotaka askari wa kulilinda ajabu langu, chakula kilikuwa sifuri, na kijana akaingia na wapanda farasi wanne tu. Akaniambia, "Mjomba, hukulima." Hiyo, mama, inaitwa utafiti wa vitendo.

Muda wangu kwenye kompyuta umebaki dakika mbili. Mwenye jero aniazime nimalize jaribio la pili, nitamlipa kwa korosho msimu ukifunguliwa. Na asije mtu akaniambia hiyo ni kangomba, ile biashara ya korosho iliyopigwa marufuku.