Uainishaji wa Awali wa Muvi za Mume na Mke Marubani: Mtazamo wa Oyugis

Maduka ya muvi ya Oyugis yana uainishaji wao, na haujawahi kuhitaji profesa. Kuna za Kihindi, za Kikorea, za Kinaija, za vita, za kusimuliwa na DJ Afro na za mapenzi. Muuzaji hakuulizi mwongozaji ni nani. Anakuuliza flashi yako imebaki na nafasi kiasi gani. Serikali nayo, kupitia Bodi ya Uainishaji wa Filamu na Sheria yake, Sura ya 222, hupanga kwa umri: ya wote, ya kutazamwa na mzazi karibu, ya miaka 16, ya miaka 18. Mifumo hii miwili ina heshima zake, ila yote hukwama mahali pamoja: kwenye muvi ya zamani, isiyo na rangi, ambamo mume ni rubani na mke ni rubani. Muuzaji haijui aitie kwenye vita au kwenye mapenzi. Bodi itaipitisha kwa watu wote, kana kwamba hatari yake ni kwa watoto.

Tasnifu hii inapendekeza vigezo vitatu: nani yuko wapi ndege inapopaa, nani amelipia mafuta, na je, wakwe walijulishwa? Vigezo vilijaribiwa hapa mjini mbele ya watazamaji waliokubali kushiriki kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Kigezo cha tatu ndicho kilichozua mjadala mrefu kuliko vyote, na mtafiti analazimika kukipa uzito kinaostahili.

Aina ya kwanza ni ya mke ardhini. Mfano wake maarufu ni Test Pilot ya mwaka 1938. Clark Gable anaharibikiwa na ndege, anatua kwenye shamba huko Kansas, anamkuta Myrna Loy, na kabla hujamaliza chai yako wameshaoana. Watazamaji walipinga hapo hapo, wala si kwa ajili ya mapenzi. Ndege ikitua hivyo kwenye matuta ya viazi vitamu vya Kabondo, kinachofuata si harusi, ni kikao kwa chifu na hesabu ya fidia. Zaidi ya hayo, mke mwenyewe harushi chochote; kazi yake ni kutazama juu kwa macho ya machozi. Kitaalamu muvi hii haifai kuwamo humu. Imetajwa kwa kuwa mtafiti alikwisha kuilipia. Loy huyo huyo alikuwa rubani miaka mitatu kabla, katika Wings in the Dark, akimpenda Cary Grant aliyepofuka. Lakini stori ile ni ya uchumba, na uchumba si ndoa, tunapita.

Aina ya pili ndiyo kiini cha utafiti: mume na mke, kila mmoja na leseni yake, kila mmoja na jina lake gazetini. Hapa kuna They Flew Alone, filamu ya Kiingereza ya mwaka 1942 iliyoongozwa na Herbert Wilcox. Anna Neagle anaigiza Amy Johnson, Robert Newton anaigiza Jim Mollison, na hao wawili walikuwa watu wa kweli. Mwongozaji naye alimwoa Neagle mwaka 1943, jambo linaloonyesha kwamba somo la muvi halikumfikia hata aliyeitengeneza.

Amy alikuwa binti wa mfanyabiashara wa samaki wa mji wa Hull. Ndege yake ya kwanza, Gipsy Moth aliyoiita Jason, ilinunuliwa kwa msaada wa baba huyo na tajiri mmoja wa mafuta, Lord Wakefield. Taarifa hii ilipokewa kwa ukimya wa heshima. Pesa za samaki tunazijua: kule Kendu Bay zimesomesha watoto, zimejenga nyumba za mabati, zimenunua mashine za kusaga. Hakuna aliyekumbuka omena iliyomnunulia binti ndege. Kwa ndege hiyo Amy aliondoka Croydon tarehe 5 Mei 1930 na kufika Darwin, Australia, tarehe 24, peke yake.

Mwaka 1932 akaolewa na Jim. Mollison alimposa baada ya kufahamiana naye kwa muda wa saa nane hivi, tena wakiwa angani. Hapa ndipo kigezo cha tatu kilipolipuka. Jagam, yaani mshenga, alikuwa nani? Ayie, yaani malipo ya kupata kibali cha mama wa binti, ilipelekwa lini, na mama alipokeaje kitu asichokijua? Mzee mmoja aliuliza swali ambalo vitabu vya ndege havijalijibu: binti akiwa angani, akitaka kusema ngoja nikamuulize shangazi, atateremkia wapi? Tunaliacha kwa watafiti wajao.

Mwaka huo huo wa harusi, Amy aliruka peke yake kutoka Uingereza hadi Cape Town na kuvunja rekodi. Rekodi ilikuwa ya nani? Ya mumewe. Ni sawa na mume na mke wa Oyugis wanaouza viazi vitamu kwenye meza mbili zinazopakana, na wateja wote wanasimama kwa mama. Nyumbani chakula kitaliwa, lakini kwa sauti ya chini.

Wakajaribu kuruka pamoja. Julai 1933 walitoka Pendine, Wales, kwenda Marekani, wakaishiwa mafuta karibu na Bridgeport, Connecticut, wakaanguka, wakaumia wote wawili. Oktoba 1934 wakaingia mashindano makubwa ya kutoka Uingereza hadi Melbourne kwa ndege nyeusi iliyoitwa Black Magic. Hadi Karachi mwendo wao ulikuwa moto. Wakaja kuishia Allahabad, injini zikiwa zimeharibiwa na mafuta mabaya. Waendesha boda boda waliokuwepo walitikisa vichwa: petroli ya chupani haina rafiki. Mshindi mmojawapo alikuwa mtu aliyewahi kuishi Nairobi, Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways ilipoanzishwa mwaka 1929, na ndiye aliyemfundisha Beryl Markham kurusha ndege. Aliruka na C.W.A. Scott. Utafiti unabainisha, bila kutoa hukumu, kwamba ndege iliyoshinda haikuwa na ndoa ndani yake.

Amy na Jim waliachana mwaka 1938. Januari 1941 ndege ya Amy ilianguka kwenye mlango wa mto Thames akiwa kazini wakati wa vita, akafa. Muvi ilitoka mwaka uliofuata.

Aina ya tatu ni ya kwetu, maana ilirukia anga hii. Martin na Osa Johnson wa Kansas, waliooana mwaka 1910, walipata leseni za urubani mwaka 1932. Wakaleta Afrika ndege mbili za Sikorsky zinazotua majini, moja imechorwa milia ya punda, nyingine madoa ya twiga, wakapiga picha kutoka juu na kutoa Baboona mwaka 1935. Kisha mwaka 1940 ikaja I Married Adventure, Osa akiwemo mwenyewe. Na siri yao? Walikuwa na leseni, lakini waliajiri rubani, Vern Carstens. Mume alishika kamera, mke akasimama kando na bunduki iwapo simba angebadili mawazo. Hakuna aliyekuwa na rekodi ya mwenzake ya kuvunja. Ndoa yao ilidumu miaka 26, hadi Januari 1937, Martin alipokufa katika ajali ya ndege ya abiria huko California. Siku hiyo alikuwa amekata tiketi kama mtu yeyote.

Kwa matokeo hayo, tunawaomba wenye maduka ya muvi wa Oyugis wasiiweke They Flew Alone pamoja na za vita wala za mapenzi. Ipelekwe kwenye rafu mpya ya kesi za ndoa, karibu na mlango. Za Martin na Osa Johnson zikae na za wanyama. Na Test Pilot yangu naiuza. Mwenye kuitaka aje na flashi.