Mtungi Una Sweta, Mimi Sina

Kipupwe cha Kasulu hakina utani. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Sisi huku Buha tumepanda zaidi ya mita 1,200, na Juni ikiingia, upepo wa alfajiri unakuamkia "mwakeye" ukiwa bado ndani ya blanketi. Ungedhani mwanaume aliyeoa bingwa wa kufuma ana sweta. Thubutu.

Nyumbani kwangu kila kitu kimevaa isipokuwa mimi. Makochi yana vitambaa mgongoni na mikononi. Jagi la maji lina kofia yenye shanga. Redio, bubu tangu betri zivuje, imefunikwa shela kama bibi harusi. Mgeni akiaga, kitambaa kinamng'ang'ania mgongoni mpaka barabarani. Na vyote vinatiwa wanga wa muhogo visimame, muhogo ambao mimi ningeula kama ugali!

TV ya chogo ilipokufa tukanunua bapa, nikashukuru: hapa kitambaa hakina pa kukaa. Kikapata. Pembe yake inaning'inia pale pale wanapoandika magoli. Simba na Yanga wanacheza, mimi natazama ua la uzi na kukisia matokeo kwa kelele za jirani.

Nikidai sweta, mke wangu ananiambia sweta ni kazi: mikono ilingane, shingo ipite kichwa, uzi wenyewe ghali. Kitambaa unaanzia katikati, unazunguka, ukichoka unafunga fundo. Kwenye kikundi chake na wenzake midomo inagombania marejesho ya mkopo, na sindano za kroshia hazikosei tundu hata moja. Mpaka wafunge kikao, mwali ameshapata seti ya vitambaa vya makochi. Kazi safi, hilo silipingi. Ila mimi si kochi.

Basi nikaenda mnadani kwenye mitumba. Nikaokota sweta zito la sufu, halina lebo shingoni, kwapani limeungwa kwa mkono. Bila shaka bibi fulani wa kwenye theluji alimfumia mjukuu, mjukuu akaona haya kulivaa. Mungu ambariki kijana yule.

Mama watoto akaligeuza ndani nje, akavutavuta mshono. "Baba watoto, uzi huu mzuri!"

Nilidhani ananipongeza. Kumbe hivyo ndivyo wafumaji wanavyokwepa bei ya uzi dukani: wanatafuta mshono wa mtumba, wanafumua, wanalowesha uzi unyooke. Jioni nililikuta na mkono mmoja. Mwenyewe amepiga magoti jikoni na futikamba, anapima kiuno cha mtungi wa gesi.

"Lilikuwa linakubana," akasema bila kugeuka. "Na mtungi huu wageni wanauona."

"Mimi hawanioni?"

"Wewe si huwa umeegemea kitambaa muda wote? Kivute, jifunike."