Namna ya Kukamatwa kwa Heshima Mtoni Kagera

1. Anza kwa kudharau kibali. Mkimbizi anayetoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa safari huenda kuomba karatasi ofisi ya kamanda, Base Camp. Wewe usiende. Mtu wa hadhi yako apange foleni? Panda gari la Mbarara alfajiri, na ukiulizwa utoe kadi ya ukimbizi kwa madaha. Haivushi mpaka, lakini picha umetoka vizuri.

2. Mbarara nunua maharagwe, magunia matatu, halafu usimuulize mtu habari za ushuru. Utaambiwa jambo la kukatisha tamaa: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa za ukanda huu zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hazitozwi ushuru wa forodha. Unajaza cheti chepesi cha asili ya bidhaa palepale mpakani, basi. Sasa magendo yako yatakuwa na ladha gani?

3. Shika barabara ya Kikagati. Utaona daraja la kwenda Murongo, Tanzania, na maofisa wake. Lipe mgongo. Jirani kuna bwawa la umeme la megawati 14, walilozindua Rais Museveni na Rais Samia Mei 2023. Nchi mbili zinagawana umeme nusu kwa nusu, mchana kweupe, kwa mkataba. Hao hawana haraka. Wewe una maharagwe.

4. Tafuta mtumbwi usiku. Mwenyewe atataja nauli, ataongeza ya giza, ya kiboko, na ya "mtu wetu ng'ambo". Lipa yote kabla ya kupanda, tena usiombe punguzo, asije akakuona mshamba. Ushuru uliokwepa ni sifuri. Nauli, mwenzangu, tusiizungumzie.

5. Katikati ya mto jipige picha, uiweke WhatsApp. Askari nao wana simu.

6. Tochi ikikumulika, tabasamu. Sema, "Shikamoo afande, mimi mvuvi." Akiuliza nyavu, muoneshe maharagwe. Mwenye mtumbwi usimtafute, ameshaogelea, na namba aliyokupa haipatikani.

7. Utapewa fomu, ndefu kuliko ile ya darajani. Jaza kwa herufi kubwa.