Sifa za Pini Iliyovunjika

Wenye kalamu wamekwisha kuwasifu wafalme, majemadari, majahazi na mabibi harusi. Naomba nafasi niisifu pini. Si ya nywele wala ya nguo. Naisema pini ya chuma, nyembamba kama njiti ya kiberiti, ikaayo ndani ya mashine ambazo Wamarekani hutumia kujaza risasi upya majumbani mwao. Bei yake ni ya kudharaulika, hakuna anayeitaja anapojivunia mashine yake, na umaarufu wote ilio nao umetokana na kuvunjika.

Kwanza kazi yake. Risasi ikishalia, ganda la shaba hubaki zima, na kwa mlenga shabaha wa Arizona au Nebraska kulitupa ganda hilo ni kutupa pesa. Hivyo huokota maganda yake akayapeleka gereji, ambako mashine ya mkono imefungwa kwa bolti juu ya meza. Ganda husukumwa ndani ya kalibu ya chuma ili lirudishiwe umbo lake, na katika msukumo huohuo pini hupenya tundu la kitako cha ganda na kuing'oa fataki, kile kidude kinachoiwasha baruti, iliyokwisha kuungua. Fataki mpya, baruti na kichwa cha risasi vyote hungoja pini imalize. Asante haipati.

Sasa ushujaa wake. Katika miaka ya 1860 watu wawili walibuni namna mbili za kuweka fataki. Mtindo unaoitwa kwa jina la Mwingereza Edward Boxer una tundu moja katikati ya kitako cha ganda. Ule wa Mmarekani Hiram Berdan, aliyewaongoza walenga shabaha wa jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, una matundu mawili madogo ya pembeni, na katikati kuna shaba tupu. Walimwengu kwa ukaidi wao wakabadilishana: Marekani ikaushika mtindo wa Mwingereza, na sehemu kubwa ya Ulaya ikaushika wa Mmarekani. Basi mjazaji wa Ohio hununua risasi za bei poa zilizotoka ng'ambo, akayachanganya maganda yake bila kuchungulia ndani, akavuta mkono wa mashine kwa nguvu zake zote. Pini huteremka ikilitafuta tundu la Boxer, ikakutana na shaba ya Berdan. Kah! Ugomvi wa wahandisi wa karne ya 19 umemalizikia mgongoni mwa kiumbe asiyehusika. Mara nyingine sababu ni kokoto iliyonasa ndani ya ganda, au kalibu iliyofungwa upande. Kwa vyovyote vile kosa ni la binadamu, na anayekufa ni pini.

Hapo ndipo ninapotaka sifa zangu zisikike. Mashine isiyoharibika humwacha mwenyewe gizani. Ana karatasi ya waranti inayomwahidi mema maisha yake yote, na hana njia ya kujua kama aliyeiandika ni mkweli. Pini ikivunjika ndipo ahadi inapopimwa. Ni jambo la kustaajabisha kwamba kati ya vyuma vyote vizito vya mashine ile, hakuna kilichomfahamisha mteja tabia ya kiwanda chake isipokuwa hiki kidogo kilichokatika.

Visa vya wateja hufanana hata vikachosha. Mtu hupiga simu kiwandani akiwa amejiandaa kwa vita. Ameitafuta risiti, hakuiona. Ametunga na maelezo ya jinsi pini ilivyovunjika yenyewe, usiku, wakati hakuna mtu gerejini. Upande wa pili sauti ya upole inamuuliza anwani yake, basi. Risiti haikuulizwa, wala nani kakosa. Siku chache baadaye bahasha inaingia sandukuni, na ndani yake mna pini zaidi ya ile aliyoiomba, pengine na skrubu ambayo hata hakuitaja. Wapo waliokiri waziwazi kwamba uzembe ulikuwa wao, na bado wakatumiwa. Namwonea huruma mteja wa namna hii. Hasira aliyoichochea tangu asubuhi hana pa kuipeleka, na inambidi ashinde na furaha ambayo hakuipangia.

Msomaji aliyezoea risiti zetu zilizoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi atadhani natunga. Situngi. Ila asidhani pia kwamba viwanda hivyo vinaendeshwa na mawalii. Pini ni senti kadhaa za chuma, na mwenye mashine ataendelea kununua kalibu, mizani na vikorokoro vingine miaka ishirini ijayo. Ukimpa pini bure amekuwa mpiga debe wako asiye na mshahara, na wajazaji wa Marekani wanapiga debe kweli. Hugawanyika kwa rangi. Wa buluu ni watu wa Dillon, kampuni ya Scottsdale, Arizona, iliyoanzishwa na Mike Dillon, ambayo waranti yake imepewa jina lenye tusi, kwa hiyo nalipita. Wekundu ni wa Hornady ya Grand Island, Nebraska, ya mwaka 1949. Wa kijani ni wa RCBS, iliyoanzishwa na Fred Huntington mwaka 1943 huko Oroville, California, alipoanza kutengeneza kalibu zake kwenye duka la dobi la familia yao. Jina la kampuni hiyo lina ndani yake mnyama mdogo wa milimani, anayefanana na pimbi wetu, ambaye wawindaji wa huko walimpenda kwa shabaha. Chama chote cha kijani kinaapa kwa jina la pimbi, na kiapo hicho hutolewa mara nyingi pale bahasha ya pini inapowasili.

Kila dini ina mpinzani wake. Hapa mpinzani ni Lee Precision ya Hartford, Wisconsin, kampuni iliyoanzishwa na Richard Lee. Katika kalibu zake kijiti kinachobeba pini hushikwa na kibano tu, hakikufungwa kabisa. Ganda la Berdan likiingia, kijiti huteleza kwenda juu, pini ikabaki nzima. Mjazaji hukaza upya akaendelea. Ukatili ulioje! Amemnyima mteja simu, bahasha, na kisa cha kusimulia. Waranti ya Lee nayo si ya maisha: ni miaka miwili. Baada ya hapo, bidhaa yao yoyote ambayo bado inatengenezwa, hata iwe imechakaa vipi, waweza kuirudisha kiwandani pamoja na nusu ya bei yake ya sasa ikarejeshwa hali ya upya, na waranti mpya juu. Ni hesabu ya wazi isiyo na shairi hata kidogo. Mimi, kama ningeulizwa na mtu mwenye akili timamu, ningemwambia anunue kalibu ambayo pini yake haivunjiki. Lakini leo nimekuja kusifu, sikuja kushauri.

Na kusifu kunanilazimu niliguse hilo neno la maisha. Maisha ya nani? Ya mnunuzi, ya mashine, au ya kiwanda? Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani imekwisha kuwaelekeza wauzaji kwamba wakitangaza waranti ya maisha, waseme ni maisha yapi. Viwanda vingine humtambua mnunuzi wa kwanza tu, vingine hufuata mashine hata mikononi mwa mjukuu. Na maisha hayo hayakugawanywa sawa. Dillon, iliyotoa ahadi ya maisha kwa mashine zake za nyumbani, iliipa ile kubwa ya Super 1050 mwaka mmoja, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa mashine ya biashara. Kwa hiyo mashine inayofanya kazi nyingi kuliko zote ndiyo iliyoandikiwa umri mfupi.

Ukarimu huo umezaa na wajanja. Kuna mtu hununua mashine yenye kutu kwenye soko la vitu vikuukuu kwa bei ya chakula cha mchana, huipeleka kiwandani kwa jina la waranti, ikarudi inang'aa, kisha akaiuza kama mpya. Wajazaji wenyewe wanawachukia watu hawa kuliko wanavyochukia risasi mbovu, maana wanajua waranti ya maisha hulipwa na bei ya mashine inayofuata.

Lakini kichekesho kilicho bora kuliko vyote kiko nje ya mashine. Watengenezaji wengi wa bunduki huandika katika vijitabu vyao kwamba ukitumia risasi iliyojazwa upya, waranti ya bunduki imekufa. Fikiria hali ya huyo bwana gerejini. Ana mashine iliyodhaminiwa milele, na kila inachokizalisha kinaua dhamana ya kitu kilichozaliwa kukitumia. Kiwanda cha mashine nacho kimejikinga: kitakupa pini, hakitakulipia bunduki iliyopasuka kwa sababu ulikosea kipimo cha baruti. Hapo pini peke yake ndiyo isiyo na doa. Ikivunjika huumia yenyewe tu, haimlaumu mtu na haipasui kitu.

Pini ilivunjwa moyo vibaya katika uhaba wa 2020 na 2021, fataki zilipotoweka madukani kote Marekani. Mashine zenye waranti ya maisha zilisimama mezani, kalibu safi, pini nzima, pasipo fataki mpya za kuweka. Hakuna waranti iliyoahidi fataki. Simu za kuomba pini za nini, wakati hakuna kilichovunjika?

Kwa ndugu zetu waishio Marekani, wawe wanajaza risasi au wananunua friji, neno langu ni hili. Chini ya sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975, mtengenezaji anayetoa waranti ya maandishi kwa bidhaa ya mlaji inayozidi dola 10 lazima aseme kama ni kamili au ina mipaka, na kwa bidhaa inayozidi dola 15 muuzaji hana budi kukupa nafasi ya kuisoma kabla hujalipa. Iombe dukani, uisome umesimama hapohapo, na utazame mambo mawili: kama ahadi ni ya mnunuzi wa kwanza tu, na nani analipa posta ya kurudisha.